Aliyepokea Mkanda

Simu ilipolia asubuhi hiyo, Sindano alikuwa amepiga magoti katikati ya karakana yake, tanga la mteja limetandazwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta, naye anashona pindo lililochanika. Alikuwa fundi wa matanga. Jina la Sindano alipewa na watu wa bandarini. Wengine walisema ni kwa ajili ya kazi yake, wengine kwa ajili ya wembamba wake, na waliowahi kubishana naye walisema ni kwa ajili ya ulimi wake. Aliibana simu begani, mikono ikiendelea kushona. Afisa wa bandari moja ya ng'ambo akamwambia kwamba mashua ya kaka yake imekutwa ikielea baharini. Tanga lilikuwa limepandishwa, na hakukuwa na mtu ndani.

Mikono ikaacha kushona.

Kaka Mkubwa alikuwa amesafiri peke yake, kama alivyozoea. Hakuna aliyeijua bahari kuliko yeye. Ndiye aliyewafundisha wadogo zake wawili kuongoza chombo wakiwa bado watoto, kwa ule mkono wake wa kulia usio na kidole kidogo, kidole ambacho kamba ilikichukua zamani. Walipokuwa wadogo, hata wakifumba macho waliujua mkono wake kwa lile pengo.

"Mimi sitaki mbao," Mama alisema walipomweleza. "Wakaivunje wafanyie kuni. Nimebakiwa na ninyi wawili tu."

Sindano hakusikia la mtu. Alitaka kujua kaka yake alipatwa na nini, na moyo ulimwambia kwamba jibu limo ndani ya mashua ile. Akamng'ang'ania mdogo wake, fundi wa injini aliyeitwa Spana, wakaichukue na kuirudisha nyumbani. Spana hakuwa na hamu hata kidogo. Alisema yeye bahari anaipenda ikiwa ng'ambo ya dirisha, naye ana kikombe cha chai mkononi. Lakini tangu utotoni hakuwahi kumshinda dada yake kwa maneno, na safari hii pia hakumshinda.

"Haya, nendeni wawili," Mama alisema siku ya kuagana, "mrudi wawili." Alipokuwa akisema hivyo alimtazama Sindano peke yake.

Mashua waliikuta nzima. Sufuria ilikuwa jikoni, viatu vya Kaka Mkubwa vilikuwa chini ya kitanda, vimepangwa vizuri. Kitu kimoja tu hakikuwa sawa. Mkanda wa usalama, ule ambao Sindano mwenyewe aliushona na kumpa kaka yake, ulikuwa juu ya kiti cha usukani, kamba yake bado imefungwa chomboni, na kifungio chake kimefungwa. Tena ulikuwa umekazwa mno. Duara lililobaki lisingeenea kiuno cha mtoto wa kutambaa.

"Afisa kauchezea tu huyo," Spana alisema. Sindano akaufungua na kuulegeza. Akatia alama ya uzi mwekundu pale unapomkaa yeye, na uzi wa buluu pale unapomkaa Spana mwenye tumbo lake. Wakacheka kuona jinsi nyuzi hizo zilivyokuwa mbalimbali, kisha wakang'oa nanga.

Mkanda ulikuwa mmoja tu, na hilo halikuwa ubahili. Kaka Mkubwa alikataa katakata kuwa na wa pili. Mikanda ikiwa miwili, alisema, kila mmoja atadhani mwenzake ndiye yu macho, na chombo kitabaki hakina mwenyewe. Aliyevaa mkanda ndiye mwenye zamu. Anayemaliza huuvua, kisha hugeuka kuitazama bahari ya nyuma kwa mara ya mwisho, isije ikawa kuna meli inawajia mgongoni, na huku anatazama, mkono wake unaunyoosha mkanda kuelekea mlango wa chumba. Anayepokea huvuta mara mbili. Anayetoa naye huvuta mara mbili, ndipo anaachia. Hakuna kusemezana. Mtu aliyetoka usingizini maneno yake si ya kuaminika, Kaka Mkubwa alikuwa akisema, mwamini mkono wake.

Kitanda nacho kilikuwa kimoja. Mmoja akiamka mwingine analala, godoro halipati hata nafasi ya kupoa.

Mwanzoni safari ilikuwa ya kuchosha tu. Upepo ulikuwa haba. Bahari ilitulia kama maji ndani ya beseni, na tanga lililegea, likapigapiga, likalegea tena. Spana alilalamika kuhusu mgongo, kuhusu wali usioiva, kuhusu harufu ya soksi zake mwenyewe. Sindano alishona vilivyohitaji kushonwa na vingine ambavyo havikuhitaji. Walikwenda polepole kiasi kwamba povu walilolitupa la kuoshea vyombo lilikaa ubavuni mwao likiwasindikiza.

Kisha wakaanza kulala vizuri. Vizuri kupita kiasi.

"Asante, dada," Spana alisema siku moja akinywa chai. "Zamu yangu nusu nzima umeniachia nilale. Ila usijichoshe."

Sindano alimkazia macho akidhani ni utani. "Wewe ndiye uliyeniachia mimi. Nimeamka jua liko juu, nikaona aibu."

"Mimi?"

"Kwani tuko wangapi humu?"

Wakatazamana. Spana akaweka kikombe chini. Wote wawili waligeuka kuitazama dira. Mashua ilikuwa imenyooka kwenye njia yake, haikupinda hata kidogo.

Adhuhuri ya siku iliyofuata, jua likiwa utosini, zamu ya Sindano iliisha. Macho yalimuwasha kwa mng'ao wa maji. Akasikia mlango mdogo wa chumba ukisukumwa. Akavua mkanda, akageuka kutazama nyuma, akaunyoosha. Mkono ukaupokea. Ulikuwa wa baridi na umelowa, na vidole vilijifunga juu ya vidole vyake kimoja kimoja, taratibu. Ukavuta mara mbili. Naye akavuta mara mbili, akaachia.

Alipogeuka, kitini hapakuwa na mtu. Mkanda ulikuwa juu ya kiti, umefungwa. Alidhani Spana kapita pembeni kwenda mbele kukaza kamba. Akainamisha kichwa, akaingia chumbani kujilaza.

Spana alikuwa kitandani. Amelala fofofo, mdomo wazi, anakoroma.

Sindano alisimama palepale. Juu ya kichwa chake, pale kwenye kiti cha usukani, ubao ukalia kama unavyolia mtu anapojiweka sawa akae.

Alimwamsha mdogo wake kwa kumziba mdomo. Akamnong'oneza yote sikioni. Spana, mtu mzima na kitambi chake, akamshika dada yake mikono yote miwili.

"Ni Kaka?" alinong'ona. "Dada, ni Kaka Mkubwa? Ulihisi pengo?"

Hapo ndipo Sindano alipoukumbuka ule mkono vizuri. Kidole kimoja kimoja. Na kile cha mwisho, kidogo, chembamba, kilichomalizia kwa kumbana.

Vidole vilikuwa vitano.

Alimtazama Spana, jasho linamtiririka, pumzi zinamkimbia. Aliogopa kwamba akimwambia ukweli atajitupa baharini kwa kiwewe. Tena, tuseme wazi, yeye mwenyewe alitamani mno awe Kaka.

"Nililihisi," akasema. "Ni yeye."

Spana akalia. Lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Uso wake ukalegea, akajifuta machozi kwa shati, na baada ya kitambo akacheka kidogo. "Mzee kakataa kuacha chombo chake," alisema. Walipotoka nje pamoja, wameshikana, kiti kilikuwa kitupu.

Tangu siku hiyo Sindano hakumpa mtu mkanda bila kumtazama usoni. Alimwapisha Spana afanye hivyo hivyo, naye akaapa. Ila Spana hakuwa na hofu tena, na mtu asiye na hofu kiapo chake chepesi. Sindano alimsikia akizungumza peke yake huko usukanini, akitania, akisimulia habari za nyumbani. Siku moja alimkuta amemimina vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa kitupu.

"Kakinywa nani?"

"Acha basi, dada. Amekesha peke yake muda wote huo, hakuna wa kumpokea zamu. Hata wewe humwonei huruma?"

Sindano akakiokota kile kikombe kitupu, akakisuuza. Alijua anapaswa kusema ukweli kuhusu vidole vile. Akajiambia atasema wakikaribia nchi kavu, Spana akipata pa kukimbilia. Alikuwa amechoka, macho yamemvimba kwa kukataa usingizi, na alizidi kuahirisha.

Usingizi ukamshinda. Alilala kama mtu aliyepigwa rungu.

Alipoamka, mwanga wa jioni ulikuwa umeingia kwa pembeni. Upepo ulikuwa umepata nguvu, mashua inakata maji vizuri, tanga limejaa. Hakusikia maongezi. Hakusikia malalamiko.

"Spana?"

Alitoka. Vikombe viwili vilikuwa chini, vyote vitupu. Viatu vya Spana vilikuwa kando ya kiti, vimepangwa vizuri. Juu ya kiti ulikuwa mkanda, umefungwa, umekazwa. Uzi wa buluu ulikuwa mbali sana na kifungio. Uzi mwekundu pia.

Aliita mpaka sauti ikakatika. Aliigeuza mashua, akazunguka na kuzunguka, akiita, akipiga sufuria, akipanda juu ya chumba kutazama. Maji yalikuwa maji tu. Alilia akijipiga kifua, akijilaani kwa lile neno moja alilolisema, nililihisi, nililihisi. Kisha akavaa mkanda na hakuuvua tena. Alilala akiwa ameuvaa, amekaa wima, mgongo ukutani. Mara kwa mara alihisi kamba inavutwa. Mara mbili. Kisha inangoja.

Hakujibu hata mara moja.

Bandari ya nyumbani ilipoonekana, hakuwa tena na nguvu ya kufurahi. Alishusha tanga, akaiacha mashua iteleze kuelekea gatini. Mtu alihitajika mbele arushe kamba, na hakukuwa na mtu mwingine. Kamba ya mkanda haikufika huko. Alisita. Gati lilikuwa karibu, watu wanaonekana, jua linawaka. Akauvua, akauweka juu ya kiti, akakimbia mbele.

Mama alikuwa amesimama kwenye ukingo wa gati, gauni lake zuri mwilini, mkono juu ya macho kukinga jua. Sindano akarusha kamba, mbeba mizigo mmoja akaidaka na kuifunga. Akarukia gatini. Alikuwa amefikiria njia nzima atamwambia nini mama yake.

Lakini Mama alikuwa anatabasamu.

"Nilikuwa nahesabu tangu mko mbali," alisema, machozi yakimtoka. "Nikamwambia huyu mbeba mizigo, angalia, ni wawili. Mmoja mbele, mmoja usukanini. Mwanangu, umenirudishia wote wawili."

Sindano alishindwa kugeuka. Shingo ilikuwa kama imetiwa zege.

"Mama," alisema. "Mama, twende nyumbani."

"Hebu ngoja. Mbona ameinama tu pale, hashuki? Ameumwa?" Mama akampita. Alikwenda mpaka pembeni mwa gati, pale nyuma ya mashua ilipogusa mawe, akainama, akanyoosha mkono kama anavyofanya mzazi kumsaidia mtoto kupanda ngazi.

"Usimpe mkono!" Sindano alipiga kelele, akamrukia, akamvuta kiuno, wakaanguka wote wawili juu ya saruji.

Mashua ilikuwa tupu. Mkanda ulikuwa haupo.

Mama alikaa chini, anautazama mkono wake. Ulikuwa umelowa mpaka kwenye kiwiko.

"Ana baridi," alisema polepole. "Kanivuta mara mbili, nami nikamjibu. Si ndivyo Kaka yenu alivyowafundisha?"

Sindano aliichoma mashua ile mwenyewe, ufukweni, mchana, mbele ya watu. Matanga bado anashona, maana tumbo halijui msiba. Ila nyumba yake na ya Mama sasa ni moja, kwa sababu Mama hawezi kuachwa peke yake. Halali. Daktari amempa dawa za kila namna, zingine zingemwangusha ng'ombe, na bado halali. Hukaa kwenye kiti kizingitini, uso umeelekea baharini, akitazama mbali mno, na mkono wake wa kulia ameunyoosha nyuma, kuelekea ndani ya nyumba, kiganja kimefumba kama kinashika kitu.

Sindano hupita mlango wa jikoni.

Kila asubuhi akimbadilisha Mama nguo, hukuta gauni limelowa kiunoni, mzunguko mzima, upana wa mkanda. Ukiligusa hapo ni maji ya chumvi. Na kiuno chenyewe kinazidi kuwa chembamba, ijapokuwa anakula vizuri. Mama halalamiki. Ila akimsikia binti yake anapita nyuma yake, huuliza, bila kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyechoka sana.

"Mwanangu, zamu yangu ananipokea nani?"

Sindano hutia mikono yake mifukoni kwanza, ndipo amjibu.