Sebule Pana, Mama Hana Njia

Uliona. Usinitolee macho hayo. Ulipita mbele ya mlango ule, ukachungulia, ukasema, "Hongera, sebule imependeza," ukaenda zako. Mama mtu mzima aliyekaa kwenye kona, mikono mapajani, ulimruka kama unavyoruka dimbwi. Basi sikiliza, maana masikio hayana pazia.

Nyumba ilikuwa ya fundi wa mapazia, mwanamke hodari wa cherehani, aliyeishi na mumewe na mama yake mzazi. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulimfunika mama huyo macho yote mawili, akabaki anaona mwanga na giza tu. Hata hivyo kila asubuhi alitoka chumbani peke yake. Mkono kwenye mgongo wa kochi, kisha ubavu wa kabati, kisha pembe ya meza, kisha mlango. Huyo, kibarazani, anaota jua na kuwasalimu wapita njia, akiwatambua kwa sauti zao.

"Nyumba hii naijua kama kiganja changu," alipenda kusema. "Nyie wenye macho ndio mnaojikwaa."

Siku moja mteja alikuja kuchagua kitambaa. Akagonga goti kwenye meza, akacheka. "Fundi, watu unawashonea mapazia ya kifahari, mwenyewe unaishi stoo?"

Fundi alicheka naye. Moyoni aliungua.

Akaanza kazi. Kuta alizipaka rangi nyeupe. Fimbo ya pazia aliipandisha karibu na dari, kitambaa kikateremka hadi sakafuni, chumba kikaonekana kirefu. Hapo hakumkosea mtu. Kisha akatoa kabati. Akatoa meza. Kochi akalibana ukutani upande wa pili. Mkabala na dirisha akasimamisha kioo kikubwa, kimeanzia sakafuni, kikanywa mwanga wote wa nje na kuumwaga ndani. Sebule moja ikawa kama mbili.

Asubuhi mama alinyoosha mkono, akashika hewa.

"Mwanangu, kabati liko wapi?"

"Nimelitoa, mama. Palikuwa pamebanana."

"Limembana nani?"

"Aa, mama nawe! Utazoea."

Mumewe akaweka kikombe chini. "Na mama atashika nini sasa?"

"Nitamshika mimi. Si mama yangu?"

Na kweli alimshika, asubuhi za mwanzo. Kisha kazi ikazidi. "Subiri, mama, namalizia upindo huu." Mama akasubiri. Upindo ukaisha, ukaja mwingine. Mwishowe mama akaacha kuomba, akakaa kwenye kona yake, na kibaraza kikamsahau. Fundi aliona. Kila alipoinua macho kwenye cherehani alimwona, moyo ukamsuta, naye akakanyaga pedali kwa nguvu zaidi ili asiusikie.

Yule mteja alirudi na mashoga zake waje kujionea. Fundi akawa katikati ya sifa, anaeleza jinsi kioo kinavyokuza chumba.

"Mwanangu," mama aliita, "nitoe nje kidogo, nipate jua."

"Nakuja, mama. Wageni hawa."

Mama akasikia vicheko, akaona haya kurudia. Akainuka mwenyewe. Kwake yeye, penye mwanga ndipo penye mlango, na siku hiyo kulikuwa na mianga miwili. Akaufuata ule mkubwa. Hatua zilikuwa na furaha, kama za mtu aliyeachiwa.

"Jamani, bibi naye anakwenda kujitazama!" mmoja akasema, na wote wakaangua kicheko. Fundi pia. Ndiyo, na yeye alicheka.

Kisha kishindo.

Hospitali ilisema nyonga imevunjika, na kwa umri ule hatatembea tena. Fundi alipiga magoti kando ya kitanda ili aombe radhi. Mama akamtangulia:

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuvunjia kioo chako."

Afadhali angemtukana! Tusi lingepona.

Sasa fundi humgeuza mama kitandani asubuhi na jioni, humwosha, humlisha. Mama hadai kitu. Hata kiu ikimkamata hunyamaza, mpaka binti aulize, "Mama, nikupe maji?"

"Kama si usumbufu, mwanangu."

Na fundi hutoka kwenda kuchota maji huku amejiziba mdomo kwa kanga.

FUNZO

Sikatazi mtu kupamba. Paka rangi, inua mapazia, chumba chako kipumue. Lakini nyumba isiyo na njia ya mzee ni duka la maonyesho tu, hata ikimeta vipi. Kabla hujaondoa kitu, muulize anayekishika. Ukiahidi mkono wako badala ya kabati, basi uwe mkono kweli. Na ninyi wageni, mnaosifu kuta huku mnamruka mtu, dhambi hii mmekula na fundi sahani moja.

Una mzee ndani? Au jirani yako anaye, na huna hakika kama bado anafika mlangoni? Acha kusoma. Inuka sasa hivi, nenda, mshike mkono, mtoe nje.