Jasho la Kasha la Nne

Ijumaa, saa tatu kamili asubuhi, kasha la nne lilifunguliwa, na nafasi yake ya tatu ikakutwa tupu.

Picha iliyokosekana ilikuwa ya mhandisi kijana aliyebuni mashine ya kuwasaidia watoto njiti kupumua. Ndiyo iliyompa mpiga picha tuzo, na ndiyo iliyowaleta watu kwenye maonyesho haya ya wanasayansi na wahandisi vijana, yaliyokuwa yakizunguka mji baada ya mji. Mji huu ndio alikozaliwa mhandisi huyo. Mwenyewe alikuwa kazini ng'ambo, lakini mama yake alialikwa kukata utepe saa tano.

Saa tatu na nusu Sajenti wa polisi alikuwa ameshamweka dereva wa lori la maonyesho kwenye kiti.

"Jana usiku ulilala wapi?"

"Ndani ya lori, afande. Hapo uani."

"Ufunguo wa mlango wa mizigo alikuwa nao nani?"

"Mimi. Mlinzi aliniachia jioni, nipate kwenda msalani."

"Na hii bisibisi?"

"Ya lori. Taa ya nyuma ilikuwa imelegea."

"Una ufunguo, una bisibisi, una lori. Unataka nikuongezee nini, king'ora?"

"Afande, picha zangu za harusi tu sijui ziko wapi. Niibe ya mtoto wa mwenzangu?"

Mpiga picha alishusha pumzi. "Sitaki kumhukumu mtu. Lakini sisi wengine tulilala hotelini. Na jana asubuhi makasha yalipoingia nilibaki humu nikipima taa. Hilo la nne lilikuwa limefungwa barabara."

Sajenti akatoa pingu. Dereva akaitazama mikono yake. Miaka kumi na tisa barabarani, hajawahi kukwaruza hata mlango.

"Nipe saa moja, afande," alisema mkaguzi wa picha.

Walimwita Bi Tochi. Kila kituo kazi yake ilikuwa kumulika picha zote kwa ubavu, moja moja, na kuandika kila kovu kwenye fomu. Alizipitia za kasha la kwanza, la pili na la tatu: safi. Alipofika kwenye picha nne zilizobaki za kasha la nne, tochi ilisimama. Kwenye kila kioo palikuwa na madoa ya duara, alama za matone yaliyokauka, na pembe moja ya karatasi ilikuwa imejikunja kama sikio la mbwa.

"Mlinzi," aliuliza, "tangu jana limetoka gari lolote getini?"

"Hata baiskeli. Daftari hili hapa, na jana asubuhi sikuondoka getini mpaka zamu ilipokwisha."

"Mtu aliyebeba kitu kirefu kama mlango wa kabati?"

"Dada, ningemwona hata nikiwa nimelala."

Sajenti alikuwa amepekua lori, stoo na vyoo, akaambulia vumbi.

Saa nne na nusu mama wa mhandisi akafika, kitenge kimenyooka, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi Mashoto wangu?"

Bi Tochi alisita. "Mnamwita Mashoto?"

"Tangu anatambaa. Bibi yake alimfunga mkono wa kushoto kwa leso ili azoee mkono wa kulia. Mtoto akala kwa miguu!"

Bi Tochi akampa fomu ya ukaguzi, yenye nakala ndogo ya picha iliyopotea. Mama akaisogeza mbali, akaikaribisha tena.

"Sura ni yake. Lakini ameshika kifaa kwa mkono wa kulia. Na kovu la chai ya moto liko nyusi ya kushoto, hapa liko nyusi ya kulia. Nani kamgeuza mwanangu?"

Bi Tochi akawageukia wengine.

"Afande, chupa ya maji ukiitoa kwenye friji, inafanyaje?"

"Inatoka jasho."

"Na ikishakaa nje mpaka usiku?"

"Haitoki. Imeshazoea nyumba."

"Lori letu linapozwa njia nzima. Ndiyo maana makasha hupumzika siku nzima bila kufunguliwa. Hili la nne lilitoka jasho, maana yake lilifunguliwa likiwa bado baridi. Si jana usiku. Jana asubuhi, muda mfupi baada ya kushushwa. Saa tatu mpaka saa nne na robo mimi na dereva tulikuwa ofisini tukisaini karatasi. Mlinzi alikuwa getini. Humu ndani alikuwepo nani?"

Mpiga picha alifungua kifungo cha kola, na Bi Tochi akamkazia macho.

"Siku zote wewe huja siku ya ufunguzi, koti limepigwa pasi, hujui kasha linavyolala; safari hii tu ndiyo ulipanda lori. Hujawahi kushika nyundo tangu tuanze safari. Lakini jana ubao ule wa kukutambulisha, wenye picha ya uso wako, uliutundika mwenyewe."

Wote wakautazama ubao wa utambulisho. Ulikuwa umejitenga na ukuta kwa upana wa kiganja.

Sajenti akamrudishia dereva bisibisi yake. "Fungua wewe."

Parafujo ya nne ilipotoka, uso wa mpiga picha ukashushwa, na nyuma yake mhandisi akatokea, mzima.

"Kwenye picha zote vijana walitazama upande wa mlango," mpiga picha alisema kwa sauti ya chini. "Yeye peke yake aliupa mlango kisogo. Nikaigeuza kwenye kompyuta, kushoto ikawa kulia, kama kwenye kioo. Ni kitu kidogo! Kisha ikashinda, na sharti la tuzo ni picha isiyoguswa. Miji sita hakuna aliyejua. Jumatano nikaambiwa mama yake anakuja."

"Na mimi?" dereva aliuliza. "Ungeniacha nifungwe?"

"Nilidhani wangekuachia tu."

"Ulidhani." Dereva akafuta bisibisi kwa shati lake, taratibu. "Nilikupa mto wangu njia nzima."

Sajenti akamshika mpiga picha mkono, pingu zikapata mwenyewe.

Saa tano mlango ukafunguliwa kwa watu. Mama wa mhandisi hakukata utepe kwanza. Aliipa picha ya mwanawe mgongo, akatoa mkobani kioo chake kidogo cha kujitazamia, akakiinua usawa wa bega. Ndani ya kioo binti yake alikuwa ameshika kifaa kwa mkono wa kushoto, kovu mahali pake.

"Haya," alisema. "Sasa leteni mkasi."