Hatamu Aliyoiuza Durmuş

Ndugu zangu, ilikuwapo nyumba yenye amani katika milima ya Kastamonu, nyumba ya Durmuş mkata kuni. Mkewe alikwisha fariki. Kila asubuhi yeye na mwanawe wa pekee, İlyas, waliketi kando ya jiko wakinywa supu ya mtindi na kutaniana.

Tamaa ndiyo iliyoingia humo. İlyas alikuwa amefunzwa na mchawi mmoja katili kujigeuza umbo lolote, kisha akamtoroka. Siku moja akasema, "Baba, nitakuwa farasi. Niuze sokoni, ila hatamu usiitoe. Ukirudi nayo, nami nitarudi."

Ikawa hivyo. Farasi akauzwa, na jioni İlyas akabisha hodi akicheka. Durmuş akanunua asali na blanketi jipya. Kisha akataka tena, na tena. Kijana alipolalamika kwamba amechoka, baba alimwambia avumilie kidogo. Jamani, mtoto akisema amechoka, msikilizeni.

Safari iliyofuata, mnunuzi alikuwa yule mchawi mwenyewe, ambaye Durmuş hakumjua kwa sura. "Mzee, nakupa maradufu, ila na hatamu."

Durmuş alisita. Farasi akamwekea kichwa begani. Hata hivyo, mkono wa mzee uliiachia hatamu.

Jioni hodi haikusikika. Supu ilipoa. Durmuş akaziacha mezani dhahabu alizolipwa, akashika njia akilia na kumuulizia mnunuzi, mpaka uani kwa mchawi. Alimkuta farasi amefungwa, mbavu zinahesabika. Akamvua hatamu.

Papo hapo farasi akawa njiwa, na mchawi, aliyetoka ndani mbio, akawa mwewe nyuma yake. Njiwa akaangukia miguuni pa Durmuş, akawa komamanga, likapasuka na punje zikatawanyika. Mchawi akajigeuza kuku, akazidonoa punje moja baada ya nyingine. Moja iliyobaki Durmuş aliifunika kwa mguu. Kuku akamdonoa hadi damu ikatoka, mzee hakuuinua. Chini yake punje ikageuka mbweha, akachomoka, akamkamata kuku shingoni. Mchawi akaishia hapo.

Mbweha akawa İlyas, amekonda.

"Nilikuuza, mwanangu," Durmuş alisema. "Sina cha kujitetea."

"Ulinifuata, baba. Niegemee, twende nyumbani."

Wakateremka polepole, wameshikana mabega.

Mafunzo

Wazazi, kipaji cha mtoto si mtaji wenu. Anapowasaidia, mshukuruni, anapochoka, mpumzisheni. Na ukishamkosea, usikae ukijilaumu tu: inuka umfuate, hata ikikuuma.