Kipimo Kimoja kwa Kumi

Jumamosi hiyo Soko Kuu la Sumbawanga halikuwa na pa kukanyaga. Upepo wa baridi ulirusha vumbi jekundu juu ya ulezi, dagaa na watu bila kubagua. Bertilla alikuwa amevaa sweta zito juu ya gauni la kitenge cha njano, akipigana na turubai la kibanda chake cha sabuni, mara mkono mrefu ukalishika upande wa pili.

"Dada, una dawa ya kutoa harufu ya maziwa kwenye gari?"

Aligeuka. Mwanamume alikuwa na shati la drafti lililopigwa pasi mpaka likakatika mistari, lakini miguuni alivaa gambuti zenye matope ya zizini. Bertilla alimtazama juu, akamtazama chini, akashindwa kujizuia kucheka.

"Maziwa yalimwagika lini, kaka?"

"Tangu niinunue hiyo pikapu hayajaacha kumwagika."

Alimshushia dumu la dawa ya kijani. "Hii inasafisha kila kitu. Viti, zulia, dashibodi, mpaka matairi. Ila ina nguvu! Kipimo kimoja cha dawa, kumi vya maji. Usiitumie juani, na uijaribu kwanza mahali pasipoonekana."

"Kumi vya maji? Si utakuwa umeniuzia maji, mrembo?"

"Basi ilete hiyo pikapu kesho baada ya misa, nikuonyeshe."

Alikuja kweli. Jina lake Kashinje, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Rukwa na ng'ombe wao kabla hajaanza shule. Mji mzima ulimjua kwa maziwa. Akina mama waliwapita wauzaji watatu njiani ili wamfikie yeye, kwa sababu maziwa yake hayakuwahi kutiwa hata tone la maji. Jumapili ile Bertilla alichanganya dawa jikoni, akatoka na chupa ya kupulizia, wakasugua pikapu pamoja uani, kila mmoja na brashi yake. Povu lilitoka jeusi kama maji ya kuoshea masufuria. Walipomaliza, Kashinje aliingiza kichwa ndani, akavuta pumzi.

"Bertilla! Nasikia harufu ya kiti!"

Walicheka mpaka wakaketi chini. Ni pale pale, mikono ikiwa bado na povu, Kashinje alipomshika vidole na hakuviachia. Bertilla naye hakuvidai.

Miezi mitatu ilipita kwa simu za asubuhi na lita moja ya maziwa kila jioni. Kisha likaja jambo lenyewe. Baba yake Bertilla, Mwalimu Valerian, mstaafu aliyeishi Pito, nje kidogo ya mji, alikuwa na Corolla ya bluu iliyotoka kwa misa na kwa harusi tu. Jumamosi iliyokuwa ikija ingembeba Edith, binti wa mdogo wake, kwenda kanisani. Kashinje aliomba aisafishe yeye.

"Baba akiipenda kazi yako, ya mshenga tumemaliza," Bertilla alimwambia. "Nimekuwekea dumu jipya. Unakumbuka kipimo?"

"Nakumbuka, kipenzi. Gari ya baba mkwe hiyo!"

Alhamisi saa saba mchana simu ya Bertilla iliita kibandani.

"Njoo uone dawa yako ilichofanya," alisema baba yake, kisha akakata.

Alifika Pito akihema. Corolla ilikuwa katikati ya jua kali, milango wazi. Dashibodi nzima ilikuwa na michirizi myeupe, kama mashavu ya mtoto aliyelia akalala. Kashinje alisimama na kitambaa mkononi, jasho likimtoka kwenye baridi ya Ufipa.

"Labda... labda dumu hili lilikuwa bovu," alisema.

Bertilla alimtazama Kashinje, kisha dumu. Mbele ya baba yake! Dawa aliyoiuza miaka mitano bila mteja hata mmoja kurudi na malalamiko!

"Nenda, kijana," Mwalimu alisema taratibu. "Ya mshenga tuyaache kwanza."

Jioni simu iliita mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akaipokea.

"Bertilla wangu..."

"Usiniite wako. Ulitia maji?"

Kashinje alikohoa tu.

"Kashinje, nakuuliza. Ulitia maji?"

"Sikutia."

"Kwa nini? Kwa sababu muuza sabuni hana la kumfundisha mwanamume?"

"Siyo hivyo, mpenzi. Ni jambo la aibu, siwezi kulisema kwenye simu."

"Basi kaa nalo!" Akakata, akalia, akajikasirikia kwa kulia.

Ijumaa asubuhi, kabla Bertilla hajafungua turubai, Kashinje alikuwa amesimama pale. Shati halikupigwa pasi. Mkononi alikuwa na kifuniko cha plastiki alichokibandua chini ya kiti cha pikapu yake. Nusu moja ilikuwa imechujuka, nusu nyingine ilikuwa safi na nyeusi.

"Nimejaribu mahali pasipoonekana," alisema. "Huku sikutia maji. Huku nimetia kumi. Dumu lako ni zima. Mbovu ni mimi."

"Sasa kwa nini?"

Wateja walishaanza kusogea. Yeye hakuteremsha sauti.

"Mama yangu Kabula alinilea na neno moja: anayetia maji kwenye maziwa ni mwizi. Nikashika lile dumu, nikajiuliza, gari ya baba yake Bertilla niitilie maji? Nikaona nitakuwa nimempunja. Nikamimina yote."

Bertilla alimtazama. Kisha kicheko kikampasuka.

"Sabuni siyo maziwa, Kashinje!"

Soko likaangua kicheko. Akamvuta mkono. "Maneno hayo hayo utamwambia baba. Sasa hivi!"

Mwalimu Valerian aliwasikiliza kibarazani bila kupepesa. Kashinje alisema yote, la dumu kusingiziwa pia, kofia mkononi. Mzee alisogeza kiti chake karibu.

"Miaka yote hiyo hujawahi kutia maji kwenye maziwa?"

"Hata siku moja, mzee."

"Hata kiangazi, ng'ombe wakikauka?"

"Kiangazi nauza kidogo."

Mwalimu akageukia gari lake, akaitazama ile michirizi. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka!

"Mtu aliyeshindwa kutia maji hata pale alipoamriwa," alisema akifuta macho, "atamdanganyaje binti yangu? Dashibodi mama yake ataifunika kwa kitambaa cha kufuma. Viti bado vichafu, na Edith anaolewa kesho. Anzeni kazi."

Walilisogeza gari kivulini. Bertilla alimpa Kashinje kizibo cha dumu na ndoo. Kashinje akapima dawa kizibo kimoja, kisha akaanza maji, akihesabu kwa sauti, akiangaza huku na huku kama mwizi. Alipofika saba akasita, akamtazama mzee.

"Endelea," alisema Mwalimu. "Na mshenga wako aje Jumapili, aje na maziwa."

"Nane," alisema Kashinje, na machozi yakamdondokea ndooni. "Tisa."

"Kumi," Bertilla alimalizia, akavishika tena vile vidole vyake vyenye povu mbele ya baba yake.