Chumvi ya Madoa na Gari Jekundu

Kabla hata jogoo hajawika, Bochaberi alisikia sauti aliyoijua vizuri: ko, ko, ko. Baba yake, Mzee Obwocha, alikuwa amechuchumaa kando ya meko akiponda chumvi ya ng'ombe kwa jiwe. Sauti hiyo haikusikika kila siku. Ilisikika shule zikifungwa tu, na maana yake ilikuwa moja: leo Bochaberi atakwenda Nyaramba.

Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima, karibu na Keroka. Ng'ombe wachache walilala hapo nyumbani, lakini wale watatu waliotolewa mahari dada yake mkubwa, Nyaboke, alipoolewa hawakukaa nao. Mzee Obwocha aliwaweka kwa Nyanya Nyamusi, mjane wa rafiki yake wa zamani. Watu wa Kisii walifanya hivyo miaka ile ya hamsini ili maradhi yakiingia katika boma moja yasimalize mali yote. Mtunzaji alikama maziwa, akatumia samadi shambani, na baada ya muda akapewa ndama wa shukrani. Hawakuandikiana chochote. Neno la mwenye ng'ombe na neno la mtunzaji yalitosha.

Mchukuaji wa neno hilo alikuwa Bochaberi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu alipoweza kutembea mwendo mrefu ndiye aliyepeleka chumvi. Nyanya Nyamusi alipomwona tu akitokea kwenye migomba, aliweka viazi motoni.

Siku hiyo ya Aprili, kaka yake Onsongo alikuwa nyumbani kwa likizo. Yeye alikuwa dereva wa lori katika mashamba ya chai kule Kericho. Alisema atampeleka mdogo wake kwa baiskeli, na mama yao akafurahi sana. Bochaberi akapanda nyuma, mfuko wa chumvi mapajani.

Walipoanza kuteremka, Onsongo alimwuliza kama amewahi kuona gari lisilo na paa. Akamweleza habari za gari la mbio lililoletwa juzijuzi Kisumu, la aina mpya ambayo hakuna mtu wa Kisii aliyekuwa nayo. Lilikuwa jekundu, lenye viti viwili tu, na paa lake la turubai lilikunjwa kama mwavuli. Onsongo alitaka kulinunua. Alikuwa ameweka akiba kwa miaka mingi, na deni lingine angelipa kila mwezi. Kilichopungua ni kidogo tu katika malipo ya kwanza.

"Wale ng'ombe wa Nyaramba ni wa nani?" aliuliza.

"Ni wa kukuoza mke," alijibu Bochaberi, kwa maana ndivyo desturi ilivyokuwa. Mahari ya dada ilimwoza kaka.

"Basi ni wangu. Huyo mke sijamwona bado, atangoja." Bochaberi akacheka, na Onsongo akaendelea kwa sauti ya chini. "Nyanya hanijui vizuri. Hatanipa ng'ombe mimi. Wewe atakupa. Mwambie Baba anawataka nyumbani, na kwamba mchunga ng'ombe wake anangoja mtoni. Mtoto wa kwanza kukaa katika kiti cha mbele utakuwa wewe. Shule nzima itakuona."

Bochaberi aliukumbatia mfuko wa chumvi. Lakini walipofika mtoni aliteremka, akajitwika mfuko, akapanda mlima peke yake huku akiyarudia yale maneno kama somo la kukariri.

Nyanya Nyamusi aliyasikiliza hadi mwisho. Hakuuliza swali hata moja. Aliingia bomani akawafungua ng'ombe, akamfuta yule mwenye madoadoa usoni kwa ncha ya leso yake. Jina lake lilikuwa Madoa, na alikuwa na mimba. Nyanya akasema, "Nenda salama, mama. Umetulisha vizuri." Kisha akafunga viazi vya moto katika majani ya mgomba, mafungu mawili.

"Hili lako. Na hili la mchunga ng'ombe wa baba yako. Naye ana tumbo."

Onsongo alikula fungu lake pale mtoni na kusema viazi ni vitamu. Bochaberi hakuligusa lake. Jioni ng'ombe wakaingia katika boma la Ahmednoor, mfanyabiashara wa mifugo pale Keroka. Waliporudi nyumbani, Mzee Obwocha aliuliza kama ng'ombe hawajambo.

"Hawajambo, Baba," alisema Bochaberi, akapita upesi kwenda kulala.

Gari lilikuja mwezi wa Juni, wakati wa mvua. Lilisikika kabla ya kuonekana, na watoto walitoka mashambani wakikimbia. Onsongo alivaa kofia mpya. Kwa kweli lilikuwa zuri, linang'aa kama pilipili iliyooshwa. Alisema amelipia kwa akiba yake na kwa mkopo, na Mzee Obwocha, ambaye hakujua bei za magari, aliamini.

Bochaberi akakaa katika kiti cha mbele kama alivyoahidiwa. Waliteremka hadi kwenye kona ya kwanza. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, imechimbwa na magurudumu ya malori, na gari lile lilikuwa chini mno. Tumbo lake lilikwaruza jiwe, likalia kwa uchungu, likakaa kwenye matope. Chuma cha chini kikavunjika, na oili ikaanza kuvuja. Ikabidi maksai wa jirani waletwe na kamba.

"Kumbe gari la mbio linakula nyasi," alisema Ombui, mwanafunzi mwenzake Bochaberi, na watoto wote wakacheka. Bochaberi alikuwa bado amekaa ndani, amefunika uso kwa mikono. Wenzake walidhani anaona haya kwa sababu ya matope.

Tangu siku hiyo gari lilianza kudai. Kile chuma kilichovunjika hakikupatikana Kisumu wala Nairobi kwa sababu gari lilikuwa jipya mno; ilibidi kiagizwe kwa meli. Tairi ziliisha upesi kwenye kokoto. Palikuwa na bima, leseni, petroli, na lile deni la kila mwezi ambalo halikungoja gari lipone. Onsongo aliacha kutuma chochote nyumbani. Mama aliacha kununua sukari, kisha mafuta ya taa, na gauni la shule la Bochaberi likatiwa kiraka juu ya kiraka. Mama hakulalamika. Aliweka kiraka kwa uzi wa rangi ileile ili kisionekane sana, na kila Bochaberi alipokitazama alitamani mama yake angemgombeza.

Mwishoni mwa Julai mtu mmoja wa Nyaramba alikutana na Mzee Obwocha sokoni, akamwambia kwamba boma la Nyamusi limebaki na mtamba mmoja tu. Mzee Obwocha alikwenda mwenyewe siku iliyofuata. Aliporudi alingoja mpaka chakula kilipokwisha.

"Nyamusi anasema ng'ombe umewachukua wewe, kwa jina langu," alimwambia Bochaberi. "Yule mama nimemjua kabla hujazaliwa, na sijamsikia akisema uongo. Nawe sijakusikia ukisema uongo. Niambie mwanangu, nimsadiki nani?"

Bochaberi aliona midomo yake mwenyewe ikifunguka. "Mimi nilipeleka chumvi tu, Baba."

Mzee Obwocha aliitikia kwa kichwa. Alimwamini mtoto wake. Akasema kwa huzuni kwamba basi wazee wataitwa, na shule zikifungwa watakwenda Nyaramba. Kama Nyamusi hatasema walikouzwa ng'ombe, atalipa. Na alichokuwa nacho ni yule mtamba tu, ndama wake wa shukrani aliyemlea mpaka akakua.

Wiki hizo Bochaberi hakuweza kunywa maziwa. Kila alipoinua kibuyu alimwona Nyanya akimfuta Madoa usoni. Darasani mwalimu alimwuliza mara mbili kama anaumwa. Ijumaa mama alimtengea kipande kikubwa cha ndizi akidhani anaanza homa, na wema huo ulimchoma kuliko kiboko. Siku ya Sabato kanisani waliimba, naye akafungua mdomo bila kutoa sauti. Alitaka kusema. Lakini kila siku iliyopita uongo ulizidi kuwa mzito kuuinua, na alikuwa amemwahidi Onsongo kwamba hatasema, na alimpenda kaka yake.

Asubuhi ya kwenda Nyaramba ikafika. Bochaberi aliamka gizani akangoja ile sauti, ko, ko, ko. Haikuja. Nyumba ilikuwa kimya. Hapakuwa na ng'ombe wa kupelekewa chumvi.

Akainuka. Akapapasa hadi mekoni, akalipata jiwe, akalipata donge la chumvi lililobaki tangu Aprili. Akaanza kuponda.

"Nani huyo?" sauti ya baba yake iliuliza kutoka kitandani.

"Ni mimi, Baba."

"Chumvi ya nini, na ng'ombe hawapo?"

"Ya kumpelekea Nyanya." Hakuliachia jiwe. "Hakusema uongo, Baba. Mimi ndiye niliyesema. Ng'ombe niliwachukua mimi, mimi na Onsongo tukawapeleka kwa Ahmednoor, kwa sababu ya gari."

Mzee Obwocha alikuja akasimama mlangoni. Bochaberi alitamani apigwe ili yaishe. Hakumpiga. Alichuchumaa mbele yake, akayakusanya kwa kiganja makombo ya chumvi yaliyoruka pembeni, akayarudisha.

"Maliza kuponda," alisema. "Twende sote."

Wazee walikuwa wameketi mbele ya nyumba ya Nyanya Nyamusi. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kigoda, amevaa leso yake safi, na yule mtamba amefungwa karibu naye, tayari kuchukuliwa. Bochaberi alisimama katikati akasema yote, tangu baiskeli mpaka usiku ule alipomkana Nyanya. Alipokwisha, Mzee Obwocha alivua kofia.

"Nilikuita mwongo mbele ya watu, Nyamusi. Mbele ya watu nakuomba unisamehe."

Nyanya alimtazama Bochaberi. "Yule mchunga ng'ombe pale mtoni," aliuliza, "alikula viazi?"

"Alikula, Nyanya. Alikuwa Onsongo."

"Ni vizuri alikula," alisema Nyanya, akafuta macho kwa leso. Hapo ndipo Bochaberi alipolia. Mzee mmoja aliinuka polepole, akamfungua yule mtamba, akamrudisha bomani.

Mzee Obwocha alikwenda Kericho akarudi na Onsongo. Onsongo hakujitetea sana. Alikuwa amekonda. Alikiri kwamba tangu anunue gari hajalala usingizi mzuri, na kwamba siku alizoliendesha ni chache kuliko siku alizolitazama likiwa limeinuliwa juu ya mawe. Lilirudishwa dukani Kisumu kwa bei ya chini sana, na akiba yake ya miaka mingi ikaenda hivyo.

Kwa Ahmednoor walikwenda wakiwa hawana matumaini. Alisema ng'ombe wawili walikwisha kuuzwa mbali. "Lakini yule wa madoa alikuwa na mimba," alisema. "Mimi sipeleki mwenye mimba kuchinjwa. Nilimweka nyumbani, amezaa." Alikubali bei ileile aliyomnunulia, ikalipwa kwa fedha kidogo zilizobaki za gari, na Mzee Obwocha alipotaja majani aliyokula ng'ombe huyo kwa miezi yote hiyo, Ahmednoor alitikisa mkono kama anayefukuza nzi.

Wale wawili wengine Onsongo alikubali kuwalipa kwa mshahara wake kabla ya kutaja habari za kuoa. Baba yake alimwambia wazi, "Ng'ombe wale wana jina la dada yako. Ndoa yake ikipata shida, wanadaiwa kwangu. Walikuwa wako siku ya kuoa, si kabla."

Madoa alirudishwa Nyaramba kwa miguu. Onsongo aliongoza ng'ombe, Bochaberi akamwongoza ndama. Nyanya aliwasikia kwa mbali, akatoka. Madoa alimnusa mkono, kisha akaingia bomani mwenyewe, kama mtu aliyerudi kutoka sokoni. Onsongo alipiga magoti kumsalimu Nyanya, kisha akachukua panga kwenda kukata majani bila kuambiwa.

Bochaberi alibaki, na Nyanya akampa viazi vya moto. Alisema kwa sauti ndogo kwamba haelewi kwa nini Nyanya bado anampa viazi.

"Kaa hapa," alisema Nyanya. "Kaka yako alidhani gari lile analilipa yeye. Kumbe tulikuwa tunalilipa wengi: mama yako kwa sukari yake, baba yako kwa urafiki wetu, mimi kwa jina langu, wewe kwa usingizi wako. Kitu kikikupendeza, mjukuu wangu, uliza kwanza ni nani atakayelipa. Na ukiona mtu mwingine analipa kwa sababu ya uongo wako, sema siku hiyohiyo. Wewe ulichelewa. Lakini ulisema mwenyewe, hukungoja kukamatwa, na ndiyo maana viazi vipo."

Walikula pamoja. Jua lilipoanza kuteremka, Onsongo alimwita waondoke. Nyanya aliwasindikiza hadi mwisho wa migomba, akiushika mkono wa Bochaberi kama anayeogopa kuuacha.

"Shule zikifungwa utakuja?"

"Nitakuja, Nyanya. Nitaleta chumvi."

"Njoo," alisema Nyanya Nyamusi. "Hata kama chumvi haipo, njoo tu unione."