Shangazi Aliyeijibu Kompyuta

Haya nimehadithiwa na mjukuu wangu mshonaji, Jumapili iliyopita asubuhi, alipokuja kunipima gauni. Alikuwa anaongea na pini mdomoni, nikamwambia atoe pini kwanza ndipo aniambie habari za mapenzi. Yale ambayo yeye hakuyaona nimeyapata kwa shangazi yake, binti yangu, anayeishi naye.

Siku hiyo duka la kompyuta lilijaa pomoni. Watu wamebanana toka mlangoni hadi kaunta, kila mmoja na kidude chake kilichokufa. Mshonaji akaingia na gauni la manjano lenye mikono iliyofura kama maputo, kalishona mwenyewe. Mgongoni kabeba kompyuta yake ya mezani. Kweli tena! Lile sanduku lilikuwa zito na teksi ilimshusha mbali, basi akalifunga kwa shuka, akalibeba.

Mzee mmoja akageuka. "Jamani, mpisheni mama mwenye mtoto!"

Watu wakapisha. Mshonaji akakaza uso, akasonga mbele kimya kimya. Alipokaribia kaunta akasikia sauti nyuma yake.

"Samahani dada. Mtoto wako ana mkia."

Waya wa umeme ulikuwa umechomoka kwenye shuka, unaburuta sakafuni.

"Nyamaza, kaka," alinong'ona. "Ukinirudisha foleni nitakufinya."

"Analia sana?"

"Anakoroma. Na siku hizi kuamka hataki."

"Basi anaumwa huyo. Bahati yako, mimi ndiye daktari wao."

Alikuwa fundi wa kompyuta kweli. Shati jeupe limenyooka kwa pasi, bisibisi mfukoni, na meno ya kucheka. Akamfungulia lile sanduku pale pale juu ya kaunta, akapuliza vumbi, akachungulia ndani.

"Hajafa. Mfumo wake ndio wa zamani, umechoka. Tutamwekea toleo jipya, utadhani umenunua mwingine. Ila kumbukumbu yake ndogo, lazima niagize kipande. Mrudishe nyumbani, kikifika nitakuja kumwekea huko huko."

Mshonaji akaruka kwa furaha, gauni la manjano likaruka naye. Duka kubwa la nguo za harusi lilikuwa limemwita apeleke michoro yake ya kudarizi. Wakiipenda, itadariziwa kwenye nguo za maharusi mji mzima. Lakini walitaka ichorwe kwa programu mpya, na programu hiyo kwenye mfumo wa zamani haikubali hata kufunguka. Miaka yake yote ya kuchora ilikuwa ndani ya sanduku lile.

Kipande kikachelewa kufika. Simu hazikuchelewa.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Kipande kimefika?"

"Hivi unanipenda mimi au unapenda kipande?"

"Kipande. Wewe ni mfuko wake tu."

"Haya, mfuko unakuja kukuona kesho."

Akawa anakuja na kipande hakuna, anakunywa chai, anamsaidia Shangazi kufunga mapazia, anaondoka anapiga mluzi. Siku nyingine alitaja kwamba ametoka kutengeneza kompyuta ya mshonaji wa mtaa wa pili, naye kaitwa na duka lile lile. Mjukuu wangu akalisikia hilo, akalimeza.

Jumatano kipande kikafika. Mshonaji alikuwa kwa mteja, anapima. Fundi akakaa mezani, akakipachika kile kipande, akanakili michoro yote kwenye diski yake ndogo, kisha akaanza kuweka mfumo mpya. Kabla haujamaliza, simu ikaita. Zahanati mtambo umegoma, wagonjwa hawaandikishwi.

"Shangazi, nakimbia mara moja. Itazima na kuwaka yenyewe, usiogope. Ikikuuliza kitu, bonyeza palipoandikwa Endelea."

"Nenda baba, mimi nipo."

Akachukua diski akatia kwenye mkoba. Ndiyo kawaida yake: nakala hailazwi nyumba moja na kitu chenyewe, maana nyumba ikiungua vyote vimekwenda. Lakini hilo hakumwambia mtu.

Shangazi akavuta kiti. Kompyuta ikazima, ikawaka, ikazima. Yeye akabonyeza Endelea, akabonyeza Endelea. Mara ikaandika kwa herufi kubwa: Karibu! Je, kuna mwingine atakayetumia kompyuta hii? Jina lake nani?

Binti yangu nimemlea kwa adabu. Ukiulizwa jina, unajibu. Akafuta miwani, akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Kompyuta ikamshukuru, ikamfungulia ukurasa mpya unaong'aa, naye akaenda kuanua nguo moyo wake mweupe.

Mshonaji alirudi anahema kwa hamu. Skrini ilikuwa na picha ya ua la zambarau, vitufe vina kingo za mviringo, kila kitu kinateleza kama hariri. Akapiga makofi peke yake. Akafungua folda ya michoro. Tupu. Akafungua nyingine. Tupu. Akatafuta kila pembe. Hata mstari mmoja hakuna.

"Shangazi! Fundi kaondoka na nini?"

"Na mkoba wake. Na kile kidiski alichowekea michoro yako."

Moyo ukampasuka. Mshonaji wa mtaa wa pili! Akapiga simu, haipokelewi. Akapiga tena, haipokelewi, kwa kuwa fundi alikuwa chini ya meza ya zahanati na simu iko mkobani. Akaandika ujumbe: "Mwizi mkubwa wewe. Umeniibia michoro ukampe mwenzio. Usinipigie tena maishani."

Jua likizama fundi akaja mlangoni. Hakuketi. Hakuuliza mtu. Akamkabidhi Shangazi diski.

"Mpe vyake. Mwambie vyote vimo."

"Chai je, baba?"

"Asante, Shangazi."

Mshonaji akaichomeka diski. Michoro yote ilikuwemo. Akachanganyikiwa: mwizi gani anarudisha? Shangazi akaja na kikombe, akasimama nyuma yake.

"Mbona umefungua kwangu?"

"Kwako wapi?"

"Hapo. Iliniuliza jina nikaitajia, ikanipa mahali pangu. Wewe mahali pako ni kile kiduara kingine mwanzoni. Sijakigusa, mwanangu, siyo changu."

Mshonaji akatoka kwenye ukurasa wa Shangazi, akabonyeza kile kiduara chenye jina lake. Michoro yote ikamtazama, kila mmoja mahali pake. Akaweka kichwa juu ya kibodi, akalia.

Asubuhi alivaa gauni la bluu, akasahau mkanda, akaenda zahanati mbio; duka la kompyuta walimwambia mtambo wa huko umegoma tena, fundi kaitwa. Foleni imejaa mapokezi. Muuguzi akamwonyesha kwa kidole: chini ya meza miguu miwili imetokeza, viatu vya fundi.

"Mpenzi," akaita.

Viatu vikatulia.

"Hapa hakuna mpenzi. Kuna mwizi anavuta waya."

Foleni nzima ikasema, "Eee!"

"Nimekuja kuomba msamaha. Michoro haikupotea. Shangazi alijiandikisha, mimi nikafungua kwake."

"Nilijua ipo."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nisikupigie." Sauti ilikuwa ya chini. "Na ingekuwa imepotea kweli? Ningebaki mwizi?"

Hapo mjukuu wangu anasema alichuchumaa. Watu wanamwangalia, na anaongea na viatu.

"Ingepotea ningelia," alisema. "Na wa kumlilia ni wewe, nami nimeshakufukuza. Jana nililia peke yangu. Sikujua kulia peke yako kunachosha hivi."

Viatu vikasogea inchi moja. Mama mmoja mjamzito akashindwa kuvumilia.

"Kijana, miguu yangu imevimba. Kama humtaki, mwambie. Kama unamtaka, mwambie. Halafu washa hiyo mashine!"

Kicheko kikalipuka. Fundi akatoka chini ya meza, vumbi kichwani, naye kacheka bila kutaka.

"Neno lile lilinichoma," alisema.

"Najua. Sitalirudia."

"Siku nyingine ukinishuku, piga hadi nipokee. Unitukane nikiwa nasikia."

"Na wewe ukichukua kitu changu, sema."

"Hilo kosa langu. Na kumwachia Shangazi mitambo, hilo kosa kubwa zaidi."

Mashine ikawaka. Foleni ikapiga makofi, sijui kwa ajili ya lipi.

Ijumaa walikwenda pamoja kwenye lile duka la nguo za harusi. Mwenye duka akaitazama michoro, sasa imo ndani ya programu mpya, akamwita mkewe, mkewe akawaita mafundi wa kudarizi, wakajazana. Wakaichukua yote, na wakaagiza mingine. Mjukuu wangu alitoka pale anatembea kama anayecheza ngoma.

Jumamosi mchana walikuwa nyumbani watatu. Fundi alikuwa anampitisha kwenye mfumo mpya: hapa unakuza, hapa unapanga, hapa unatuma. Akasimama kwenye mchoro mmoja, gauni refu lenye majani yanayopanda toka pindoni hadi kifuani.

"Hili umemchorea nani?"

"Yeyote atakayelinunua."

"Usiliuze. Livae wewe."

Mshonaji akamgeukia, mkono kiunoni. "Unanioa au unanipangia nguo?"

"Nakuoa. Nguo utajipangia."

"Haya."

"Haya nini?"

"Haya nimekubali, mbona unanilazimisha kusema mara mbili!"

Shangazi aliruka toka jikoni na mwiko mkononi. Ndipo akanipigia simu, nikasikia vigelegele tu, hata neno moja sikuambulia.

Baada ya hapo uchovu wa wiki nzima ukawaangukia. Shangazi akasinzia kwenye kiti, mdomo wazi. Fundi akajinyoosha mkekani kando ya meza ya kukatia, mara huyo anakoroma. Mshonaji akahifadhi mchoro wake, akazima skrini, akavuta furushi la vitambaa akaliweka chini ya kichwa. Akamtazama fundi kidogo. Akatabasamu, akafumba macho, usingizi ukamchukua.