Kipeperushi cha Gambia

Kila Jumamosi asubuhi Zainab alitia mafuta ya taa kwenye hita, akaiwasha, kisha akafuta ukungu dirishani ili chumba kipate mwanga. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Yeye na wazazi wake walifika London mwishoni mwa mwaka 1972, baada ya Waasia kuamriwa kuondoka Uganda. Kule Mbale baba yake, Bwana Firoz, alikuwa mwalimu wa jiografia. Hapa Wembley, mtaa wa London, alikuwa karani wa Bwana Tarsem, Singasinga aliyetoka Nairobi na kufungua ofisi ndogo ya safari. Mama alishona nguo kiwandani, hata Jumamosi.

Februari iliyofuata Bwana Tarsem alianza kuuza safari za Gambia, nchi ndogo ya Afrika Magharibi. Alitaka kipeperushi cha kuwaeleza wageni michezo na burudani za huko. Bwana Firoz alisoma vitabu, akaandika barua, akaorodhesha kwa mkono: kuvua samaki mtoni, kutazama mieleka ambayo wenyeji wanaipenda mno, kucheza tenisi na gofu, kwenda kwa mtumbwi kuangalia ndege wa mikokoni. Penye neno "kuogelea" aliacha nafasi, akaandika pembeni: "Nasubiri jibu la hoteli."

Kabla jibu halijafika, kifua kilimbana. Alikohoa hadi machozi yakamtoka.

"Nichapie wewe orodha hii kwa mashine, mwanangu," alimwambia Zainab. "Bwana Tarsem anaitaka saa sita. Lakini pale pa kuogelea usipaguse."

Zainab alichapa vizuri hadi akafika pale. Akaona karatasi ina pengo, kama kazi ya mtu mvivu. Nani atakwenda pwani asiogelee? Akachapa: "Bahari ni tulivu na salama, mahali popote." Yeye mwenyewe bahari aliwahi kuiona mara moja tu, kupitia dirisha la ndege.

Jioni ile baba alipelekwa hospitali kwa nimonia, akalazwa majuma matatu. Vipeperushi vikapigwa chapa, vikagawiwa.

Kimoja kilimfikia Sista Adelina, muuguzi kutoka Bukoba, aliyepanga chumba cha juu. Alikuwa mtu wa kucheka, na kwa kuwa hakujua Kigujarati, wao wote walizungumza naye Kiswahili. Alishuka na kipeperushi mkononi.

"Zainab, nimepata likizo! Baridi hii imenichosha. Mimi nimezoea ziwa, bahari naiogopa. Lakini hapa wanasema ni salama popote. Nitajitosa!"

Zainab alitaka kusema. Akaona aibu. "Safari njema, Sista," akajibu.

Sista Adelina alikwenda kwa juma moja, lakini akarudi baada ya mwezi. Watu wawili walimpandisha ngazi kwa kiti. Zainab alipompelekea chai, alimkuta amelala, mguu umefungwa plasta hadi pajani, uso umesawajika.

"Mkondo ulinivuta, ukanibamiza mwambani," alisema taratibu. "Wavuvi ndio walioniokoa. Mguu umevunjika mara mbili. Daktari anasema nitachechemea maisha yangu yote. Niliona bendera nyekundu ufukweni, mwanangu, nikadhani ni pambo, kumbe ni onyo. Ni bahati yangu mbaya tu."

Zainab alishuka ngazi. Jioni hiyo walikaa kula.

Baba, aliyekuwa amerudi kazini bila kukisoma kipeperushi, hakujua lolote. "Jumapili kuna familia inakwenda Gambia," alimwambia Mama. "Watoto watatu. Leo walikuja ofisini, hawana hadithi nyingine ila kuogelea."

Zainab aliacha tonge. "Baba, wasiende majini! Bahari si salama. Yale maneno ya kipeperushi niliyatunga mimi."

Bwana Firoz alisimama. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Alichukua koti lake. "Vaa viatu," alisema.

Walitembea mvuani hadi nyumbani kwa Bwana Tarsem. Zainab alieleza yote, akilia. Bwana Tarsem aligonga meza.

"Firoz, kazi nilikupa wewe, sikumpa mtoto wako! Kuanzia kesho usije."

"Ni haki yako," baba alijibu. "Nilipaswa kuisoma kabla haijatoka. Lakini kwanza tuwafikie watu."

Kwa siku mbili walipita nyumba kwa nyumba, wakikusanya vipeperushi na kuwaonya wasafiri. Ile familia iliwasikiliza mlangoni, masanduku yakiwa tayari yamefungwa. Mama wa wale watoto aliwavuta karibu naye.

Ikabaki nyumba ya mwisho, nayo ilikuwa ngazi chache tu juu ya chumba chao. Sista Adelina alimsikiliza Zainab hadi mwisho, kisha akageukia ukutani.

"Nenda. Leo siwezi kukutazama."

Baba alipata kazi ya kubeba mizigo ghalani, na jioni alirudi ameshika kiuno. Zainab aliendelea kupeleka chai juu kila siku na kuiacha mlangoni. Wakati mwingine aliikuta kesho yake imepoa, haijaguswa. Mwezi mzima ulipita hivyo.

Siku moja mlango ulifunguliwa. Sista Adelina alisimama akiegemea magongo.

"Ingia, ukae," alisema. "Nimekusamehe, Zainab. Lakini mguu wangu haujui kusamehe, utauma kila baridi ikija. Kwa hiyo nisikilize vizuri. Kutojua si aibu. Ungesema 'sijui', ningeuliza kwingine. Ulijifanya unajua, nami nikakuamini."

Zainab aliinamisha kichwa. "Nimeelewa, Sista."

"Basi nishike mkono. Daktari anataka nijifunze kushuka ngazi."

Wakashuka pamoja, kidato kimoja kimoja.